Maisha ya Bwana Robert Bosch, Fundi wa Cheche

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa motokaa, nikamkuta katika huzuni. Alikuwa na gari dogo la zamani aina ya Toyota, ambalo kwa muda wa miaka miwili alikuwa akilijenga upya kwa fedha zake mwenyewe. Alilifunga tabochaja ili injini ipate hewa nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi, lakini kile kisanduku cha umeme kinachotawala injini, ambacho mafundi hukiita kontroli boksi, alikiacha kile kile kilichotoka kiwandani. Siku ya tatu barabarani injini ikaanza kugonga. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imetoboka kichwani kama karatasi iliyoguswa na sigara.

Basi tangu siku ile pale gereji palikuwa na mabishano asubuhi na jioni: anunue kisanduku gani? Mwenzake alitaka cha bei nafuu, mjomba alitaka cha bei ghali, na mimi, nisiyekuwa na senti, niliuliza tu ni nani aliyeanza kuufanya moto wa injini ushike amri ya saa. Hakuna aliyejua. Niliporudi shuleni nikaingia maktaba, nikaona kwamba njia karibu zote zinapita mlangoni kwa mtu mmoja. Jina lake nililiona tangu utotoni juu ya vipaketi vya plagi katika maduka ya vipuri, wala sikuwahi kufikiri kuwa ni jina la mtu.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba, mwaka 1861, katika kijiji cha Albeck karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa mkulima mwenye uwezo na alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara, ambako wenye magari ya farasi walilala na kulisha wanyama wao. Mzee huyo alipenda vitabu kuliko ilivyokuwa desturi ya wakulima wa siku zile, na alitaka watoto wake wajue mambo ya dunia. Mwaka 1869 jamaa yote ilihamia Ulm, na Robert akasoma shule huko.

Hakuwa mwanafunzi wa sifa. Alipomaliza shule mwaka 1876 alitiwa katika uanagenzi wa ufundi wa vyombo vidogo vya vipimo, kazi inayohitaji jicho kali na mkono mtulivu. Kwa bahati mbaya bwana wake hakujali sana kufundisha, na kijana akatoka pale miaka mitatu baadaye na kinyongo ambacho hakukisahau hata uzeeni. Naliona jambo hili kuwa kubwa, maana baadaye, alipokuwa na kiwanda chake, alifanya juhudi ya pekee kuwafundisha wanagenzi vizuri, na mwaka 1913 alianzisha karakana maalum kwa ajili yao.

Baada ya uanagenzi alitangatanga. Alifanya kazi hapa na pale Ujerumani, akatumikia jeshi mwaka mmoja, akasikiliza masomo ya umeme katika chuo cha ufundi cha Stuttgart, kisha mwaka 1884 akavuka bahari kwenda Amerika. Huko New York alifanya kazi katika kiwanda cha Edison, yule aliyesifika kwa taa za umeme. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza akafanya kazi kwa kampuni ya Siemens, kisha akarudi kwao.

Tarehe 15 Novemba, mwaka 1886, akiwa na miaka 25, alifungua karakana yake katika jengo la uani mjini Stuttgart. Mtaji wake ulikuwa maki 10,000, sehemu kubwa ikiwa ni urithi wa baba yake, na watu wake walikuwa wawili: fundi mmoja na kijana mmoja wa kutumwa. Walifanya kila kazi iliyokuja: simu, kengele za umeme, vyombo vya maabara. Mwaka 1890 alinunua baisikeli ili awafikie wateja upesi, jambo lililowashangaza watu, kwani baisikeli ilikuwa bado kitu kigeni mjini. Lakini faida ilikuwa haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilimlazimu kuwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote, naye akaishi kwa mikopo ya jamaa zake. Wakati huo alikuwa na mke, Anna, na watoto wadogo.

Sasa yafaa nieleze kidogo habari za injini, maana bila hiyo msomaji hataona kilichokuwa kigumu. Ndani ya silinda ya injini ya petroli hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli husongwa na pistoni, kisha huwashwa. Mchanganyiko huo hauungui wote kwa mara moja. Huchukua kitambo kidogo sana. Kwa hiyo cheche lazima itangulie kidogo, kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu ya moto iikute pistoni inapoanza kushuka. Cheche ikiwahi mno, moto hupigana na pistoni inayopanda, na injini hugonga. Ikichelewa, moto hupotea bure katika bomba la moshi. Tena injini ikienda mbio zaidi, cheche nayo lazima itangulie zaidi. Mafundi wetu huita jambo hili taimingi.

Katika miaka ya 1890 mwenye motokaa alikuwa na uchaguzi wake kama alivyo mjomba leo. Njia ya kwanza ilikuwa kijibomba kilichopashwa moto kwa taa hata kikawa chekundu, na mchanganyiko uliposongwa ukaingia humo ukashika moto. Gottlieb Daimler alitumia njia hiyo. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa ni kubeba moto wa wazi karibu na petroli, na hakuna aliyeweza kuuambia moto ule uwahi au uchelewe. Njia ya pili ilikuwa betri na koili, aliyoitumia Karl Benz. Hii ilitii amri, ila betri za siku zile zilikwisha upesi, na aliyekwisha betri njiani alirudi kwa kukokotwa na farasi. Njia ya tatu ilikuwa magneto: waya uliozungushwa kwenye chuma hucheza katikati ya sumaku, umeme ukazaliwa humo humo, pasipo betri wala taa.

Magneto hakuibuni Bosch, na ni vizuri kusema hivyo wazi, kwa sababu watu wengi humpa sifa isiyo yake. Injini zisizotembea, zile za kuendesha mashine viwandani, zilikuwa nazo tayari, nazo zilitengenezwa na kiwanda cha Deutz. Mwaka 1887 mteja mmoja alimwomba Bosch amtengenezee chombo cha namna hiyo. Bosch akachunguza kama hakikulindwa na hataza, akaona hakikulindwa, akatengeneza chake kilicho bora zaidi. Tangu hapo magneto zikawa riziki ya karakana yake, polepole.

Shida ilikuwa mwendo. Injini ya kiwandani siku zile ilizunguka kama mara 200 tu kwa dakika. Mwaka 1897 Mwingereza Frederick Simms, mfanyabiashara wa injini za Daimler, alileta Stuttgart baisikeli ya injini yenye magurudumu matatu, aina ya De Dion-Bouton, akataka ifungwe magneto. Injini yake iliweza kuzunguka mara 1,800 kwa dakika. Tufanye hesabu: injini hiyo huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko miwili, basi ni cheche 900 kwa dakika, yaani 15 kwa kila sekunde. Chuma kizito cha magneto kilichozoea cheche 100 kwa dakika hakingeweza kuchezacheza kwa mbio kiasi hicho bila kuvunjika.

Aliyelifungua fundo hili alikuwa fundi wa Bosch, Arnold Zähringer. Badala ya kukichezesha kile chuma kizito chenye waya, alikiacha kikatulia, akaweka kati yake na sumaku ganda jepesi la chuma, na hilo ganda ndilo lililocheza. Umeme haujali kipi kinachocheza, ilimradi nguvu ya sumaku inayopita katika waya inabadilika. Mwalimu wetu wa Fizikia alituonyesha jambo hili kwa sumaku na koili katika maabara, nami sikudhani siku hiyo kwamba humo mna motokaa. Ile baisikeli ikaenda. Simms akaridhika, akashirikiana na Bosch kuuza magneto Uingereza na Ufaransa.

Hata hivyo chombo hicho kilihitaji vipande vya kuachanishwa ndani ya silinda ili cheche itokee, navyo vilikuwa na vijiti na springi nyingi za kuharibika. Gottlob Honold, kijana aliyepata kuwa mwanagenzi katika karakana hiyo na kisha akaenda chuoni, alirudi kwa Bosch mwaka 1901 akiwa mhandisi. Alipewa kazi ya kuviondoa vijiti hivyo. Katika miezi michache alitengeneza magneto yenye nyaya mbili juu ya chuma kimoja, wa kwanza mnene wa mizunguko michache, wa pili mwembamba wa mizunguko mingi mno, hata umeme ukawa mkali kiasi cha kuruka wenyewe katika nafasi ndogo kati ya ncha mbili. Ncha hizo zilitiwa katika plagi. Mwaka 1902 chombo hicho kilianza kuuzwa, na mjadala wa njia tatu ukawa karibu umekwisha: kwa miaka mingi baadaye motokaa nzuri zilikuwa na magneto na plagi.

Fedha zikaja kama mvua za masika. Mwaka 1901 Bosch alikuwa na wafanyakazi wapata 45. Mwaka 1906 kiwanda kilitoa magneto ya 100,000. Alifungua ofisi Amerika mwaka huo huo, kisha kiwanda. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza karibu mali yake yote iliuzwa nje ya Ujerumani.

Katika mwaka 1906 alifanya jambo lililowaudhi matajiri wenzake: alipunguza kazi ikawa saa nane kwa siku, wakati viwanda vingi vilikuwa bado na saa kumi. Mishahara yake nayo ilikuwa juu. Wakamwita Bosch Mwekundu, wakimaanisha kwamba ni msoshalisti. Mwenyewe aliona kuwa mtu aliyechoka hawezi kupima vizuri, na chombo kisichopimwa vizuri hurudishwa na mteja. Basi huruma na hesabu zilikaa pamoja katika kichwa chake, na mimi sijaweza kuzitenganisha. Husimuliwa kwamba siku moja aliokota sakafuni kijipini cha kushikia karatasi, akamwuliza karani ni kitu gani. Karani alipotaja jina la kitu hicho, mzee alikasirika, akamwambia kuwa zile ni fedha zake. Mwaka 1913 wafanyakazi wake waligoma hata hivyo, na mgomo huo ulimuumiza sana moyoni. Baada yake alijiunga na chama cha waajiri.

Vita ilipoanza mwaka 1914 alipoteza masoko ya ng'ambo, na mwishowe Serikali ya Amerika ilikitwaa kiwanda chake cha huko na kukiuza. Lakini jeshi la Ujerumani lilihitaji magneto, na faida iliongezeka. Bosch hakutaka kutajirika kwa damu za watu, akatoa mamilioni ya maki ya faida hiyo kwa mambo ya umma, hasa kwa mpango wa kuufanya mto Neckar upitike kwa meli. Nyumbani kwake hali ilikuwa ya majonzi. Mwanawe wa kiume, aliyetarajiwa kushika kiwanda, aliugua ugonjwa usio na dawa, akafa mwaka 1921. Ndoa yake na Anna ilivunjika mwaka 1927, akaoa mara ya pili, na mwaka 1928, akiwa na miaka 66, akapata mtoto mwingine wa kiume.

Mwaka huo wa 1927 kiwanda kilianza kuuza chombo cha pili ambacho kwa maoni yangu ni kikubwa kama magneto. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa husongwa hata ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani yakawaka yenyewe. Hapo amri ya saa imo katika pampu: lazima irushe tone dogo sana, kwa nguvu sana, kwa wakati wake, mamia ya mara kwa dakika. Injini za dizeli za mwanzo zilirusha mafuta kwa hewa ya mitungi mikubwa, kwa hiyo zilifaa meli na viwanda tu. Bosch aliamua mwishoni mwa mwaka 1922 kutengeneza pampu ndogo, na ilimchukua karibu miaka mitano, maana kijiti cha pampu na tundu lake lazima viachane kwa elfu chache tu za milimita. Pampu hiyo ndiyo iliyofungua njia ya lori la dizeli. Kila basi linalotuleta shuleni mwanzo wa muhula lina kizazi fulani cha pampu hiyo.

Nafika sasa kwenye sehemu ya maisha yake iliyonisumbua sana nilipokuwa nikiandika. Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933 Bosch alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Hakuwapenda. Alikuwa amejitahidi miaka mingi kuwapatanisha Wajerumani na Wafaransa. Yeye na wakubwa wa kampuni yake, hasa Hans Walz, walitoa fedha kwa siri kuwasaidia Wayahudi watoroke nchi, na mwaka 1937 walimpa kazi ya ushauri Carl Goerdeler, ambaye chini ya kivuli cha kazi hiyo alisafiri akifanya njama ya kumwangusha Hitler. Goerdeler aliuawa na Wanazi mwaka 1945. Walz mwaka 1969 alitambuliwa na taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu kuwa mmoja wa watu wema waliowaokoa Wayahudi.

Lakini kiwanda hicho hicho kilitengeneza vyombo vya ndege na malori ya vita ya Hitler. Injini za ndege za kivita zilirushiwa petroli kwa pampu za Bosch. Na katika miaka ya vita maelfu ya watu waliolazimishwa, wakiwamo mateka na wafungwa wa kambi za mateso, walifanya kazi katika viwanda vya kampuni hiyo. Mwenye kiwanda aliyewapa watu saa nane kwa hiari yake, jina lake lilikuwa mlangoni mwa mahali ambapo watu walifanya kazi kwa kushurutishwa. Rafiki yangu mmoja bwenini alisema kwamba mzee angalifunga kiwanda. Mwingine alisema angalikifunga, kingalichukuliwa kesho yake, na wale waliosaidiwa kwa siri wasingepata msaada. Tulibishana hata taa zilipozimwa, wala hatukupatana.

Robert Bosch alifariki mjini Stuttgart tarehe 12 Machi, mwaka 1942, kwa ugonjwa wa sikio. Miaka miwili kabla yake alikuwa amefungua hospitali kwa fedha zake. Wanazi walimfanyia mazishi ya kiserikali, nadhani ndiyo heshima aliyoihitaji kidogo kuliko zote. Leo sehemu kubwa ya hisa za kampuni yake ni mali ya taasisi ya hisani yenye jina lake.

Kile kisanduku cha mjomba kilikuja baada ya kufa kwake. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilianza kuuza chombo cha umeme cha kupima petroli, kikafungwa katika Volkswagen 1600. Kilipima msukumo wa hewa inayoingia na kuamua petroli kiasi gani irushwe. Mwaka 1979, katika gari la BMW 732i, kompyuta moja ilipewa kazi zote mbili, ya petroli na ya cheche, ambazo yule mzee alizishughulikia katika vyombo viwili mbalimbali.

Ndani ya kompyuta hiyo mna jedwali. Upande mmoja ni mwendo wa injini, upande mwingine ni mzigo wake, na katika kila chumba imeandikwa petroli kiasi gani na cheche itangulie kiasi gani. Kuungua sawasawa, kilo moja ya petroli hutaka hewa karibu kilo 14.7. Jedwali la Toyota ya mjomba liliandikwa kwa injini isiyo na tabochaja. Hewa ilipozidi, petroli haikuongezwa ya kutosha, cheche ikaja mapema mno, na joto likaitoboa pistoni. Mwenzake anataka kijisanduku kidogo kinachokaa katikati na kuidanganya kompyuta ya zamani. Hicho ni rahisi, lakini kompyuta inayodanganywa haijui inachokifanya. Wako mafundi wanaoweza kuliandika upya jedwali la kisanduku cha kiwandani, ila visanduku vingine vya zamani havifunguki. Mjomba anataka kisanduku kipya kinachojitegemea, ambacho jedwali lake lote huandikwa na fundi mwenyewe, chumba baada ya chumba, akisoma moshi kwa sensa ya oksijeni. Mimi niko upande wa mjomba, ingawa fundi asiye na hiyo sensa atakuwa anaandika gizani.

Nilimwandikia habari hizi zote. Amenijibu kwamba fedha alizo nazo hazitoshi kununua pistoni na kisanduku kwa pamoja, basi amenunua pistoni na sensa. Gari linatembea polepole kama lilivyotoka kiwandani, na tabochaja imo kabatini, imefungwa katika gazeti.